Conamara ya Macho na Conamara ya Masikio

Upande wa magharibi wa kisiwa cha Ayalandi, hapo bara ya Ulaya inapokoma na bahari ya Atlantiki ikatwaa nafasi yake, iko nchi iitwayo Conamara, sehemu ya jimbo la Galway, ambayo jina lake limeenea ulimwenguni kwa sababu ya milima yake, maziwa yake na farasi wake wadogo wavumilivu, na ambayo wageni huimiminikia kila kiangazi kwa magari na mabasi, wakapita njia zile zile zilizochorwa katika vitabu vya safari, wakapiga picha, wakanunua fulana za sufu, kisha wakarejea makwao wakiwa na yakini kwamba Conamara wameiona. Sisemi kwamba hawakuiona. Lakini waliyoiona ni Conamara ya macho, iliyo kaskazini, penye vilele na mabonde. Na iko nyingine, ya kusini, ya chini, yenye mawe na hori za maji ya chumvi zisizohesabika, isiyopendeza sana katika picha, ambayo ni Conamara ya masikio, maana huko ndiko Kiayalandi, lugha kongwe ya kisiwa kile, kinakosemwa dukani, kanisani, mashuani na jikoni, na watu waliokipokea kwa mama zao. Kwa nini uzuri ukakaa upande mmoja na lugha ikakaa upande wa pili ni jambo lenye sababu, na sababu hiyo, ikifuatwa mpaka mzizi wake, humfikisha mtu kwenye kitu dhalili ambacho wengi hukikanyaga pwani bila ya kukitazama, nacho ni mwani.

Na tuanze na macho, kwa kuwa ndiyo yanayokaribishwa kwanza. Katikati ya nchi imesimama safu ya milima iitwayo Beanna Beola, ambayo kilele chake kirefu kuliko vyote, Binn Bhán, kina mita 729, kimo ambacho kwa mtu aliyekulia chini ya Kilimanjaro au Ruwenzori hakistahili hata kuitwa mlima; lakini mlima haupimwi kwa kamba peke yake, na hii iliyoinuka ghafla karibu na usawa wa bahari, mitupu bila ya miti, ikiwa na mawe magumu meupe yanayomeremeta jua lichomozapo baada ya mvua, ina haiba kubwa kuliko urefu wake. Na mvua huko si adimu: milimani hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na wenyeji huihesabu siku kavu kuwa ni siku ya kazi, hata ikiwa Jumapili. Mashariki ya Beanna Beola iko safu nyingine, milima ya Mám Toirc, na baina ya safu hizo mbili limelala bonde refu lenye maziwa mawili yanayofuatana, Loch Eidhneach na Loch Dhoire an Chláir, ambayo pengine ndiyo yaliyopigwa picha nyingi kuliko maji yoyote ya Ayalandi.

Atazamaye maziwa hayo kwa makini ataona jambo la kustaajabisha. Sehemu kubwa ya kando za maziwa, maili kwa maili, ni nyasi ngumu na mboji nyeusi, bila ya mti. Ilhali visiwa vidogo vilivyo katikati ya maji, vingine havizidi ua wa nyumba, vimefunikwa na miti iliyosongamana. Udongo ni ule ule na mvua ni ile ile. Tofauti ni kwamba kondoo hawafiki visiwani, wala moto ambao wachungaji huuwasha kuteketeza majani makavu hauvuki maji. Na kwa hiyo kila kisiwa cha namna hiyo ni shahidi wa hali ambayo nchi nzima ingekuwa nayo laiti mtu na mifugo yake wasingaliishika kwa karne nyingi. Ule upweke ambao wageni huusifu kuwa ni wa maumbile, kwa sehemu kubwa ni kazi ya meno ya kondoo.

Maziwa yenyewe ni kazi ya barafu. Zama za kale, barafu nene iliifunika nchi ile, ikatambaa juu ya mwamba ikiukwangua na kuuchimba, nayo ilipoyeyuka ikaacha mashimo yaliyojaa maji, makubwa na madogo, kwa idadi ambayo kwenye kinamasi kilicho nyuma ya bandari ya Cloch na Rón mtu hushindwa kusema kama anatazama nchi kavu yenye maziwa au ziwa moja lenye visiwa. Kubwa kuliko yote liko mpakani mwa mashariki, nalo ni Loch Coirib, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 176, la pili kwa ukubwa katika kisiwa chote cha Ayalandi. Mkono wake wa kaskazini-magharibi hupenya milimani mpaka karibu na Mám na Corr na Móna, ambavyo ni vijiji vya wasemaji wa Kiayalandi, na katika mkono huo, juu ya mwamba uliozungukwa na maji pande zote, yamesimama magofu ya ngome iitwayo Caisleán na Circe. Watu husimulia kwamba Gráinne Ní Mháille, yule mwanamke nahodha wa karne ya 16 aliyeogopwa na manowari za Waingereza, alihusuriwa humo, akaamuru risasi ya paa iyeyushwe na kumwagwa juu ya vichwa vya waliomzingira. Masimulizi ya namna hii hayana hati, lakini atazamaye kuta zile zilivyotokeza majini hapati taabu kuyasadiki.

Kuna mambo mengine ya kutazamwa, nami nitayapita upesi kwa kuwa vitabu vya safari vimeyashiba: hori ya An Caoláire Rua, iliyojipenyeza baina ya milima kwa kilomita 16, ambamo leo hufugwa kome kwenye kamba zilizoning'inizwa chini ya maboya; jumba la Kylemore, lililojengwa katika karne ya 19 na tajiri wa Kiingereza, likawa makazi ya watawa wa Kibenedikto tangu 1920; na kinamasi cha Derrygimlagh karibu na mji wa Clifden, ambako Marconi alianzisha mwaka 1907 kituo cha kupeleka simu za upepo mpaka Kanada, na ambako tarehe 15 Juni 1919 Alcock na Brown, watu wa kwanza kuivuka Atlantiki kwa ndege bila ya kutua, walidhani wameona uwanja wa majani mabichi, wakateremka, na ndege yao ikazama pua katika tope. Wote wawili walitoka salama.

Sasa mtu akiteremka kutoka milimani kuelekea kusini, akapita Scríb na Camus, hukutana na kinyume cha alivyotarajia. Bonde la Loch Eidhneach, lenye majani na nafasi, halina watu. Lakini pwani ya kusini, ambayo ni mwamba mtupu wa matale ya kijivu, ambayo juu yake udongo haufiki hata kina cha jembe, imejaa nyumba. Huko An Cheathrú Rua, huko Ros Muc, huko visiwani Leitir Móir, Garmna na Leitir Mealláin, ambavyo viliunganishwa na bara kwa madaraja na tuta za mawe mwishoni mwa karne ya 19, nyumba moja hutazamana na nyingine, na baina yao umetandazwa wavu wa kuta za mawe makavu, yaani yaliyopangwa bila ya chokaa, unaogawanya vishamba ambavyo vingine ng'ombe mmoja akilala humo havina nafasi ya wa pili. Wala kuta hizo aghalabu hazina milango: mwenye shamba anapotaka kumwingiza mnyama huangusha mawe ya sehemu moja, mnyama akapita, kisha akayapanga tena, kazi ambayo wazee huifanya huku wakizungumza, bila ya kutazama mikono yao.

Kwamba ardhi mbaya ilibeba watu wengi na ardhi iliyo bora kidogo ikabaki tupu ni jambo linalotaka maelezo. Sehemu yake ni dhuluma: makabaila waliomiliki nchi walipendelea kondoo kuliko wapangaji, nao wapangaji wakasukumwa pwani. Lakini watu wanaosukumwa hufa au huhama wasipopata riziki waendako, na hawa waliipata, maana bahari iliwapa mwani. Yeyote aliyewaona akina mama wa Paje na Jambiani wakishuka pwani maji yakipwa hahitaji kuelezwa kwamba mwani ni mali. Ila wale wa Unguja huupanda, ilhali watu wa Conamara waliukuta umeota wenyewe juu ya majabali, wa rangi ya manjano iliyokoza, na kazi yao ilikuwa ni kuukata.

Kazi hiyo ilikuwa na hesabu zake. Mwani mzuri hukatwa wakati wa bamvua, maji yanapopwa mbali na majabali ya chini yakajitokeza, na mkataji alikuwa na saa chache tu kabla bahari haijarudi. Alitandaza kamba juu ya mwamba, akakata kwa kisu au mundu, akirundika mwani juu ya kamba tabaka kwa tabaka, kisha akaikaza kamba pembeni mpaka rundo likawa na umbo la mkate mkubwa wa duara. Na maji yalipojaa, rundo lile, ambalo wao huliita climín, lilielea lenyewe, kwa kuwa mwani wa aina hiyo una vifuko vya hewa, naye akalivuta kwa mashua, au, kama alikuwa jasiri na maji hayana mawimbi, akasimama juu yake na kulisukuma kwa upondo mpaka nyumbani. Chombo na shehena vilikuwa kitu kimoja. Ukafika mwani ufukoni, ukapandishwa kwa vikapu mgongoni mwa punda au mgongoni mwa mke, ukatandazwa juu ya mwamba pamoja na mchanga na vijibonge vya mboji, na mwaka ujao vivyo hivyo, na mwaka uliofuata vivyo hivyo, hata ikapatikana ardhi pale ambapo Mwenyezi Mungu hakuweka ardhi. Matuta ya viazi ulaya yaliyolimwa namna hiyo yangali yanaonekana, yamefunikwa majani, yakipanda ubavu wa vilima mpaka mahali ambapo leo hapana mtu ambaye angethubutu kulima.

Hata mchanga wenyewe una asili hiyo. Karibu na An Cheathrú Rua uko ufuko mweupe wa Trá an Dóilín, ambao wageni huusifu kuwa ni wa matumbawe; na ukiokota punje zake ukazitazama kiganjani utaona vitawi vidogo vilivyopindapinda, ambavyo si matumbawe hata kidogo, bali ni mabaki ya aina ya mwani wenye mifupa ya chokaa, uliokufa na kusagwa na mawimbi. Mchanga huo nao ulitiwa mashambani, kwa kuwa chokaa hupunguza ukali wa mboji. Na mwani usiokwenda shambani ulikaushwa na kuchomwa ufukoni katika matanuri ya mawe, moshi wake ukatanda ghubani kwa siku nyingi, na majivu yake mazito yakauzwa kwa watengenezaji wa iodini, nayo fedha hiyo ndiyo iliyolipa kodi ya kabaila. Biashara ya majivu ilikufa, lakini biashara ya mwani haikufa. Huko Cill Chiaráin kiko kiwanda, ambacho kampuni ya Kanada ilikinunua mwaka 2014, na wakataji wangali wanashuka na bamvua kama babu zao, huku familia zikishindana na wakubwa juu ya nani mwenye haki ya kukata katika kipande gani cha pwani.

Nimekaa sana juu ya mwani kwa sababu ndani yake mna siri ya lugha. Katika sehemu za Ayalandi zenye ardhi ya rutuba, Kiingereza kilifuata njia ya biashara, mahakama na shule, na mwenye mali alikihitaji ili alinde mali yake; lakini pwani hii, ambayo hakuna mgeni aliyeitamani, ilikusanya watu wengi, maskini, wanaokaa karibu karibu, wanaokatiana mwani na kuoleana, ambao hawakuwa na mtu wa kusema naye Kiingereza. Baadhi ya waandishi wameona ushairi katika jambo hilo, wakausifu ufukara kuwa ni ngao ya lugha. Mimi nasita. Ugonjwa wa viazi ulipoingia mwaka 1845 na kuleta njaa ambayo katika Ayalandi nzima iliua watu wapatao milioni moja na kuwatoa nchini wengine wapatao idadi hiyo, ngao hiyo haikumkinga mtu. Wala njaa hiyo haikuwa msiba wa mwisho. Mwaka 1913 taifasi, homa iletwayo na chawa, ilipozuka katika pwani ile, alifika huko Roger Casement, ambaye jina lake halina ugeni kwa wasomaji wetu wa Kongo, maana ndiye balozi mdogo wa Uingereza ambaye taarifa yake ya mwaka 1904 ilifichua mateso ya watu waliolazimishwa kuvuna mpira katika milki ya Mfalme Leopold. Mtu huyo, aliyekuwa ameyaona ya Kongo na kisha ya mto Putumayo huko Amerika ya Kusini, aliona katika vibanda vya Conamara mfano wa Putumayo, akasema hivyo magazetini, na michango ikakusanywa. Miaka mitatu baadaye, tarehe 3 Agosti 1916, Waingereza walimnyonga London kwa kosa la uhaini.

Dola ya Ayalandi ilipopata utawala wake mwaka 1922, iliupokea ufukara na lugha kwa pamoja. Sehemu ambazo Kiayalandi kilikuwa bado kinasemwa zilitangazwa rasmi kuwa Gaeltacht, na ya Conamara ni kubwa katika hizo, ikianzia ukingoni mwa mji wa Galway, ikafuata pwani mpaka Carna, na kupanda bara mpaka maziwa ya Mám. Mwaka 1935 familia 27 zilihamishwa kutoka mawe haya hadi mashamba mazuri ya Ráth Chairn, katika jimbo la Meath lililo karibu na Dublin. Zikaenda na lugha yao, na hata leo inasemwa huko, ijapokuwa serikali iliwakawiza mpaka 1967 ndipo ikakubali kwamba kijiji chao nacho ni Gaeltacht.

Anayesafiri kutoka Galway kuelekea magharibi akiwa na ramani ya zamani yenye majina ya Kiingereza atapata tabu, kwa kuwa tangu mwaka 2005 majina hayo yameondolewa katika vibao vya njia vya Gaeltacht. Katika kuyarudisha majina ya wenyeji alishatangulia Mwingereza mmoja, Tim Robinson, aliyekaa Cloch na Rón na kufariki mwaka 2020, ambaye alitembea nchi hii kwa miguu ukingo baada ya ukingo, akiwauliza wazee jina la kila jabali, kila hori na kila kijito, majina ambayo wapimaji wa jeshi la Uingereza katika karne ya 19 waliyaandika ovyo au hawakuyauliza kabisa. Na ramani yake, iliyotoka mwaka 1990, imejaa majina mahali ambapo jicho la mgeni halioni kitu. Sidhani kama kuna heshima kubwa zaidi ambayo mtu wa taifa lililotawala amewahi kuwapa waliotawaliwa nalo.

Vijiji vya pwani hii havina umbo ambalo msomaji atalitarajia. Kuanzia Bearna, kupita An Spidéal, Indreabhán na Baile na hAbhann, nyumba hufuata barabara kwa safu isiyokatika, bahari ikiwa kushoto na kinamasi kulia, hata mgeni hawezi kujua kijiji kimoja kimekoma wapi na kingine kimeanza wapi, isipokuwa kwa kanisa au duka. Karibu na An Spidéal alizaliwa mwaka 1906 Máirtín Ó Cadhain, mwalimu aliyefukuzwa kazi kwa siasa zake na kufungwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, ambaye mwaka 1949 alitoa riwaya iitwayo Cré na Cille, ambayo wahusika wake wote ni maiti. Wamelala makaburini mwao katika pwani hii hii, na badala ya kupumzika wanaendelea kusengenyana, kushindana juu ya nani kazikwa sehemu ya thamani, na kumhoji kila maiti mpya habari za walio hai, na hasa za maadui. Mwanamume huyo alifia katika cheo cha profesa mwaka 1970, na kitabu chake, ambacho watu wa Conamara walikuwa wakisomeana kwa vicheko, hakikutoka kwa Kiingereza mpaka mwaka 2015.

Ros Muc ni sifa nyingine. Katika kijiji hicho kilichotapakaa baina ya hori na vidimbwi alilelewa Pádraic Ó Conaire, mwandishi wa hadithi fupi, na hapo ndipo Patrick Pearse, mwalimu na mwanasheria wa Dublin, alipojenga nyumba ndogo nyeupe iliyoezekwa kwa majani juu ya ziwa, akawa anakuja kila kiangazi kujifunza namna watu wanavyosema, na humo ndimo alimoandika hotuba ya mazishi ya mwaka 1915 iliyowasha fikira za wapigania uhuru. Mwaka uliofuata aliongoza maasi ya Dublin, akapigwa risasi tarehe 3 Mei 1916. Askari wa Uingereza waliichoma nyumba ile mwaka 1921, ikajengwa upya, na leo ndiyo inayoleta mabasi machache yanayokubali kuiacha njia ya milimani.

Zaidi magharibi iko Carna, na Carna ni nchi ya sauti. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mkusanyaji wa Tume ya Mapokeo ya Ayalandi, Séamus Ennis, alifika huko kwa baiskeli akiwa na kalamu na karatasi, akamkuta mvuvi na mkulima wa Glinsce, Colm Ó Caodháin, akaandika kutoka kinywani mwake zaidi ya nyimbo na vipande 200. Mwenyeji mwingine wa Carna, Seosamh Ó hÉanaí, aliyezaliwa mwaka 1919, alihamia Marekani, akawa bawabu wa jumba la fahari huko New York, na mwishowe akafundisha uimbaji katika chuo kikuu kimoja huko Seattle mpaka kufa kwake mwaka 1984. Uimbaji wa huko hauna ala. Mwimbaji hukaa, mara nyingi akifumba macho au akigeuza uso ukutani, akaipamba sauti kwa mikunjo midogo isiyofanana ubeti kwa ubeti. Na mmoja wa wasikilizaji huweza kumshika mkono, akauzungusha polepole kwa kadiri ya wimbo, wala haonekani kuwa amefanya jambo la ajabu. Waliobaki hutupia neno la kumtia moyo baina ya mistari, na kimya cha pale ni cha watu wanaojua kila neno litakalofuata.

Bahari mbele ya Carna ina kisiwa cha Oileán Mhic Dara, kilicho na kanisa dogo la kale la mawe, ambalo hata paa lake ni la mawe, la mtakatifu ambaye wanamaji humhesabu kuwa mlinzi wao. Na desturi ni kwamba jahazi lipitapo hapo nahodha hushusha tanga mara tatu kwa heshima, na ambaye hakufanya hivyo watu hawangojei kwa muda mrefu kusikia yaliyompata. Tarehe 16 Julai ya kila mwaka mashua huvusha watu kwenda kusali, kisha hushindana mbio. Majahazi ya huko yana mbavu za mviringo zilizopakwa lami nyeusi na matanga mekundu yaliyochovywa zamani katika maji ya magome ya miti, na makubwa yake yalibeba mboji itumikayo kuwa kuni kwenda visiwa vya Árann, ambavyo ni chokaa tupu visivyo na kuni wala mboji, yakarudi pengine na mawe ya chokaa kwa farumi. Gesi ya mitungi ilipofika Árann, biashara hiyo ilikwisha, na majahazi mengi yakaachwa yaoze horini, mpaka tangu miaka ya 1970 watu walipoyatweka tena kwa ajili ya mashindano.

Wako wanaodhani kwamba watu wa nchi ya namna hii hukaa wakingoja kuhifadhiwa. Mwaka 1969 vijana wa Conamara walianzisha chama cha kudai haki za kiraia za Gaeltacht, na serikali ilipokawia kuwapa redio, walijipa wenyewe: wakati wa Pasaka ya mwaka 1970 walirusha matangazo kwa mtambo usio na ruhusa. Aibu hiyo ilifanya kazi yake, na tarehe 2 Aprili 1972 Raidió na Gaeltachta ikaanza kusikika kutoka Casla, ambako makao yake makuu yako mpaka leo. Walirudia hila hiyo hiyo mwaka 1987 kwa televisheni, na mwaka 1996 kituo cha serikali kilichokuja kuitwa TG4 kilifunguliwa, kikawekwa Baile na hAbhann na siyo Dublin. Faida yake haikuwa ya fahari tu. Wapiga picha, mafundi wa sauti na waandishi walipata kazi katika lugha yao kwa mara ya kwanza tangu vizazi, na kijana hakulazimika tena kuchagua baina ya lugha na mshahara.

Lakini katika sensa ya mwaka 2022, kati ya watu zaidi ya 106,000 wanaokaa katika Gaeltacht zote za Ayalandi, wanaokisema Kiayalandi kila siku nje ya shule walikuwa kiasi cha 20,000, na wenyeji wa Conamara, ambao ni fungu kubwa la hao, hawaoni haya kusema kinachowatafuna. Nyumba zimepanda bei. Mwamba ule ule ambao hapo kale hakuna aliyeutaka, sasa, kwa kuwa unatazama bahari na Galway haiko mbali, hununuliwa na watu wa mjini na wageni wa kiangazi, ilhali mtoto wa mkata mwani hukataliwa kibali cha kujenga au hushindwa na bei. Na mtoto asiyepata nyumba Ros Muc atawalea wanawe Galway kwa Kiingereza. Mwani uliwaweka pwani. Mandhari, ambayo ndiyo Conamara ya macho, sasa imeteremka kutoka milimani na kuwafuata huko.

Kila kiangazi hata hivyo huwasili jeshi jingine. Vijana wa shule kutoka Ayalandi yote huletwa katika vyuo vya likizo ili wakae wiki tatu katika nyumba za wenyeji, wakila, wakilala na kucheza dansi kwa Kiayalandi, na anayeng'ang'ania Kiingereza hurudishwa kwao. Kazi hiyo huibeba mama mwenye nyumba, bean an tí, ambaye hupika kwa ajili ya vijana kumi au zaidi mara tatu kwa siku, akiwasahihisha sarufi kwa mwiko mkononi, na serikali humlipa posho kwa kila kichwa na kila siku. Miaka ya 2020 na 2021 uviko ulifunga vyuo hivyo. Vilipofunguliwa, baadhi ya akina mama hao, ambao umri ulikuwa umekwenda, hawakuvifungua tena vyumba vyao, na binti zao, wanaofanya kazi ofisini Galway au katika televisheni ya Baile na hAbhann, hawana mchana wa kupikia watoto wa watu. Kwa hiyo vyuo vinatafuta nyumba kuanzia majira ya baridi, mlango hadi mlango, na katika vijiji vingine wanafunzi waliotaka kuja ni wengi kuliko vitanda.